Lancaster, Mwembe wa Babu na Ubishi Usioisha

KOMBO: Salma, tangu Jumapili masikio yangu hayajatulia. Nilikuwa Lincolnshire, Uingereza, uwanjani kwa wale wenzangu wa ndege za rimoti, nikaona modeli ya Lancaster, lile dege la mabomu la Waingereza la Vita vya Pili vya Dunia, ikipaa; urefu wake ni moja ya tano ya ile ya kweli. Ncha ya bawa hadi ncha nyingine, mita sita na ushei! Imeletwa vipande vipande ndani ya gari la mizigo, ikaungwa pale pale nyasini.

SALMA: Mashallah. Wasikilizaji, karibuni. Mwamjua Kombo akishaona injini nne. Leo tuliwaahidi masomo matatu kwa anayetaka kuunda modeli kubwa. La kwanza uzito. Haya, anza.

KOMBO: Uzito ndio mwalimu. Ukipunguza urefu mara tano, eneo la bawa lapungua mara 25, lakini ujazo mara 125, na uzito hufuata ujazo. Lancaster yenyewe ikiwa imeshiba mafuta na mabomu ilifika kama tani 30. Gawa kwa 125: kilo 240! Na kule Uingereza modeli ikizidi kilo 25 yataka ikaguliwe na ijaribiwe kwanza, na mwisho wake ni kilo 150. Basi fundi anapigania kila gramu: mbao nyepesi za balsa, fiberiglasi nyembamba. Halafu injini ya pembeni ikizima, ndege yavutwa upande ule uliokufa. Rubani asipowahi kupunguza nguvu za upande wa pili, imepinduka.

SALMA: Ubavuni iliandikwa namba gani?

KOMBO: PA474, kama ile ya kweli iliyoko Coningsby, kituo cha jeshi la anga la Uingereza. Ziliundwa Lancaster 7,377, na zilizobaki za kuruka ni mbili duniani: hiyo na ya Hamilton, Kanada. Na PA474, dada, ilifika kwetu.

SALMA: Kwetu wapi?

KOMBO: Afrika Mashariki! Ilikamilika 1945, ikakusudiwa kupelekwa vitani Mashariki ya Mbali, Japani ikasalimu amri. Haikudondosha bomu hata moja. Ikafungwa kamera, ikapewa Skwadroni ya 82 ya jeshi hilo la anga, na kati ya 1948 na 1952 ikapiga picha za ardhi Afrika Mashariki na Kusini ili zichorwe ramani.

SALMA: Ngoja hapo. Babu miaka hiyo alikuwa na shamba Kwale, na mwembe wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Umo pichani?

KOMBO: Salma, uzito...

SALMA: Uzito utasubiri. Mwembe ule ulikuwa na kivuli cha watu wa harusi nzima.

KOMBO: Picha zile zilipigwa kwa mistari, ndege yaenda na kurudi, kila picha yakanyaga kipande cha mwenzake. Ukizitazama mbili mbili kwa kioo maalumu, mlima wainuka.

SALMA: Na mwembe?

KOMBO: Na mwembe, ikiwa mistari ilipita Kwale.

SALMA: Babu alikuwa akisema kuna dege lilipita likawatawanya kuku. Sisi tukadhani ni hadithi za uzee.

KOMBO: Ndiyo maana nataka PA474 iendelee kuruka! Injini zake nne za Merlin zikipita juu, kifua chatetema. Modeli haiwezi hivyo.

SALMA: Hapo tunaachana. Dallas, Novemba 2022, B-17, dege la mabomu la Marekani la vita vile vile, iligongana na ndege nyingine kwenye maonyesho, watu sita wakafa. Kwa ajili ya sauti? Iwekwe ndani, modeli ndiyo iruke.

KOMBO: Wanahewa 55,573 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza walikufa vitani. Ndugu zao hutoka nje kuitazama ikipita. Utawaambia watazame mbao za balsa?

SALMA: Na waliokuwa chini, katika miji ya Ujerumani iliyopigwa mabomu, Hamburg na Dresden? Mjukuu wao akisikia ngurumo ile, amkumbuke nani? Ukumbusho hauhitaji roho nyingine hatarini.

KOMBO: Marubani wanajua hatari, na wameikubali.

SALMA: Walio chini hawakuulizwa.

KOMBO: Dege lisiloruka ni bati, Salma.

SALMA: Bati lililopiga picha nchi yetu ni bora kuliko bati lililoanguka shambani.

KOMBO: Sikubali.

SALMA: Wala mimi. Na saa inatukimbiza, zimebaki dakika mbili, somo la pili na la tatu hatujayagusa.

KOMBO: La magurudumu lilikuwa muhimu! Modeli nyingi huvunjika zikitua...

SALMA: Hatuna nafasi. Mwenye modeli inayomsumbua atuandikie, Kombo atamjibu mwenyewe. Na mwenye kujua zinakohifadhiwa picha za Skwadroni ya 82 za pwani, aniandikie mimi, tafadhali.

KOMBO: Na anayeona PA474 iendelee kuruka, aniandikie...

SALMA: Usiwapigie kampeni, Kombo. Kwaherini.