Nyotamkia: Njia Yake Inajulikana, Mng'ao Wake Tunausubiri

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Kaka Baraka, leo naanza na dukuduku langu. Kila ikigunduliwa nyotamkia mpya, lile donge la barafu na vumbi lenye mkia, tunaahidiwa maajabu, halafu wengi wanatoka nje na hawaoni kitu. Kwa nini?

BARAKA: Kwa sababu tunachanganya mambo mawili, dada. Njia yake angani hukokotolewa kwa usahihi mkubwa: siku gani, saa ngapi, upande upi. Mng'ao wake ni makadirio tu. Unaikumbuka nyotamkia ISON?

ZUHURA: Niisahau vipi! Niliihesabia siku tangu ilipogunduliwa, Septemba 2012.

BARAKA: Na tarehe 28 Novemba 2013 ikapita karibu mno na Jua, ikasambaratika.

ZUHURA: Siku chache baadaye bado niliamka alfajiri kuitafuta. Iliniuma.

BARAKA: Pole. Kohoutek ya 1973 nayo ilifika hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Nyotamkia inayokuja kwa mara ya kwanza kutoka Wingu la Oort, ghala la magimba ya barafu pembezoni kabisa mwa mfumo wa Jua, huwa na barafu za gesi kama kaboni monoksaidi, ambazo huanza kufuka ikiwa bado mbali sana na Jua. Basi inang'aa mapema, sisi tunajenga matumaini, kumbe akiba ile inakwisha njiani.

ZUHURA: Lakini McNaught, Januari 2007, ilionekana hadi mchana!

BARAKA: Na iligunduliwa Agosti 2006, miezi mitano tu kabla. Ndiyo maana nasema kamera ikae tayari. Halafu tusidanganywe na tarakimu. Nyota ya magnitudi 4, yaani kipimo cha mng'ao, ni nukta moja, ila nyotamkia ya magnitudi 4 imeutawanya mwanga huohuo kama ukungu, kwa hiyo jicho linaiona kwa shida. Kamera inakusanya mwanga polepole, inaukuta mkia ambao wewe umeukosa.

ZUHURA: Nipange vipi kamera?

BARAKA: Iweke kwenye tripodi. Lenzi ya milimita 50, tundu la kupitisha mwanga f/2.8 au pana zaidi, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) 1600, picha ya sekunde tano au sita. Ukizidisha sana, nyota zinageuka vistari, maana Dunia inazunguka. Zima fokasi otomatiki, kuza nyota angavu kwenye skrini, zungusha pete ya lenzi mpaka iwe nukta. Hapo usikimbie, maana fokasi ndiyo inayoharibu picha nyingi. Kisha tumia kipima muda cha sekunde mbili, kidole kisiitikise kamera.

ZUHURA: Na upeo wa macho uwe wazi, kwa kuwa nyingi huonekana chini, karibu na machweo au mapambazuko.

BARAKA: Na Jua likiwa bado juu, usielekeze darubini huko. Macho hayana spea.

ZUHURA: Julai 2024 nilisoma uchambuzi uliosema nyotamkia Tsuchinshan–ATLAS inaelekea kuvunjika. Nilikaribia kukata tamaa.

BARAKA: Ukaenda?

ZUHURA: Nilikwenda, Oktoba. Kwa macho niliona mstari mwembamba wa weupe. Picha ya kwanza ikatokea kwenye skrini, mkia umepanda mpaka umetoka nje ya fremu. Ilibidi nibadilishe lenzi gizani, mikono inatetemeka.