Mnaosema nimekonda, leo nawajibu

Assalam aleykum jamani, karibuni, leo sipiki wala siendi sokoni kuwaonyesha samaki, nimekaa tu hapa dirishani, Nanjing huku China ina baridi wiki hii we acha tu, na hiki mnachokiona kinafuka kwenye kikombe ni maji ya moto, maji matupu, hapa kila mtu anatembea na chupa yake.

Nataka kujibu komenti. Za video iliyopita nimezisoma zote na nusu ni neno hilo hilo, umekonda, huko hamli? rudi nyumbani mwaya, na shangazi yangu mmoja kampigia mama usiku kumuuliza mtoto anaumwa nini.

Sasa nisikilizeni. Zile video za mwaka wangu wa kwanza, nina mashavu, mkaniandikia mashallah mtoto ana afya, wakati ule ndo nlikua naumwa. Silali, saa 8 usiku niko macho kodo, miguu ya baridi hata nivae soksi mbili, nikishakula tu usingizi, choo napata baada ya siku 3. Lakini nimenenepa, na sisi kwetu mtu akinenepa tunasema ana afya, basi na mie nkaamini ivo ivo.

Rafiki yangu wa darasani ndo kanipeleka hospitali ya tiba ya asili ya Kichina. Na msifikirie kibanda cha mganga, ni hospitali ya ghorofa, ina maabara, ina ultrasaundi, afu kuna dirisha la dawa wanapima mizizi na magome kwenye mizani. Hapa watu wanaisomea chuo kikuu, chuo cha tiba hiyo hapa Nanjing kipo tangu 1954. Na mkoa wenyewe, Jiangsu, ndo unaotuletea madaktari Unguja toka 1964, wale Wachina wa hospitali ya Mnazi Mmoja mnaowajua.

Daktari alikua mama wa makamo. Hakunigusa kwanza, kanitazama tu, macho yangu hasa. Wao wana neno, shen, yani ule uhai unaouona machoni mwa mtu, macho maangavu, ukimwambia kitu anakufata, anajibu kwa sauti yenye nguvu. Hiyo ndo dalili ya kwanza ya mtu mzima wa afya, kabla ya kilo na kabla ya mashavu.

Afu rangi. Nkamuuliza, mie mweusi utaonaje? Kumbe wanacho kitabu cha miaka zaidi ya 2000, Huangdi Neijing, kinasema rangi yoyote ni nzuri ikiwa na mng'ao, nyeupe iwe kama unyoya wa bata bukini isiwe kama chumvi, na nyeusi iwe kama vanishi nzito isiwe kama udongo mkavu. Nkasema basi huyu anazungumza kupauka! Bibi yangu akimuona mtoto kapauka haulizi kanenepa au kakonda, anauliza huyu ana nini. Kwaio tulikua nalo sisi wenyewe, tumeliacha tu tukashika unene.

Haya, ulimi. Toa ulimi. Ulimi wa mtu mzima wa afya ni wa pinki iliyofifia, una utando mweupe mwembamba kiasi unauona ulimi chini yake, una majimaji, hautetemeki. Wangu ulikua mnene, umevimba, pembeni una alama za meno kama kamba iliyobanwa. Akasema unyevu umejaa mwilini, wengu halifanyi kazi yake. Wengu wao si lile la hospitali zetu, wanamaanisha nguvu yote ya kusaga chakula na kukipeleka mwilini. Na msipige mswaki juu ya ulimi siku ya kupimwa wala msile kitu cha rangi, mie mara ya pili nlikwenda nimetoka kula ubuyu alionitumia mama, daktari kashtuka, ulimi mwekundu kama damu, ikabidi nimuonyeshe pakti.

Mapigo ndo yalonishangaza. Vidole 3 kwenye kifundo cha mkono, huu afu huu, kimyaaa. Zamani hawana saa, daktari anahesabu kwa pumzi yake mwenyewe, akivuta na kutoa mara moja, mgonjwa apige mara 4, au 5 hivi. Yani lazima daktari mwenyewe awe mzima ili awe kipimo. Mapigo mazuri hayako juu juu wala hayajazama, yana mwendo mmoja, laini lakini yana nguvu.

Afu maswali. Unalalaje, unaota, jasho linatoka lini, una kiu, unapenda maji ya moto au ya baridi, mkojo rangi gani, choo kikoje, siku zako zinakuja kwa wakati, zinauma? Wallahi mara ya mwisho kuulizwa hivi alikua somo wangu, yule alonifunda. Niliona haya lakini nkajibu yote, na hapo ndo nkaelewa kwamba mtu anaelala mpaka asubuhi, anaesikia njaa saa ya chakula, anaepata choo bila shida, mikono na miguu ina joto, huyo ndo ana afya, awe mwembamba au mnene. Sisi tunasema baridi yabisi kila siku, baridi na ukavu, wazee wetu walikua wanaupima mwili kwa mizani kama hii.

Lakini hapa nisikilizeni kama mnanipenda. Presha haionekani kwenye ulimi. Sukari unaweza kuwa nayo na macho yanang'aa. Mapigo hayo hayo madaktari wawili wanaweza kuyasoma tofauti, na ndo maana mie mwenyewe nilipimwa damu siku ile ile. Na dawa za majani msijinunulie wala msiniagize, kila mtu na yake, ukiwa unameza dawa nyingine lazima daktari ajue.

Mie nlibadilisha chakula, nkaacha soda na barafu, nalala kabla ya saa 5, nimepungua kilo 9. Nalala jamani! Naamka na adhana ya simu, sio kabla.

Mama, wewe uliwaambia watu hulali tangu mwezi wa Ramadhani ukacheka. Kesho asubuhi kabla ya chai simama dirishani, usiwashe taa, unitumie picha ya ulimi. Na ukitoka hapo panda daladala mpaka hospitali ukapime presha, namba za presha watakazokuandikia nitumie pia, nasubiri.