Saa, Behewa na Mjusi wa Tendaguru

(Mhadhara kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda masomoni Ulaya, mjini Lindi)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mwalimu mkuu, walimu mlionifundisha, wazazi, na nyinyi wadogo zangu mnaosubiri viza, nawashukuru kwa kuniita. Habari za baridi mtaambiwa na wengine. Nunueni koti zuri mkifika, msinunue hapa. Mimi nimekuja kuzungumzia safari. Miaka miwili nimeishi Leipzig, mashariki ya Ujerumani, nikisoma shahada ya uzamili ya jiografia, na kila nilipopata siku mbili za mapumziko nilipanda treni au basi kwenda kutazama nchi. Nilipotea, nilichelewa, nililipa faini. Nataka niwaeleze kwa nini, maana sababu ilikuwa karibu ile ile kila mara.

Sisi tumezoea safari ya kuulizana. Ukifika stendi ya mabasi hapa Lindi, hujamaliza kushuka kwenye bodaboda ameshakuja mtu: "Dada, Mtwara? Masasi? Dar?" Begi limeshachukuliwa. Ukikosea gari, abiria mwenzako atakuuliza unakwenda wapi, na konda atakushusha panapostahili. Safari nzima imebebwa na midomo ya watu. Kule safari inasomwa. Hakuna atakayekuita. Kila unachohitaji kimeandikwa mahali fulani, kwenye tiketi, kwenye ubao, kwenye ubavu wa behewa, na ukishindwa kukisoma treni itaondoka kwa utulivu kabisa. Si kwamba watu ni wabaya. Nimesaidiwa na wengi. Ila wanadhani umeshasoma.

Nianze na saa, kwa sababu ndiyo iliyonitesa zaidi.

Mwezi wangu wa kwanza nilipigiwa simu kuhusu miadi ya kibali cha kuishi. Mama aliyepiga alisema, kwa Kijerumani, niende "halb zehn". Nilikuwa nimejifunza namba. "Halb" ni nusu, "zehn" ni kumi. Nikasema moyoni: saa kumi na nusu yao, basi ni saa nne na nusu yetu. Nikafika saa nne na dakika ishirini, nimevaa vizuri, vyeti vyote mkononi. Nikaambiwa miadi yangu ilishapita. Mjerumani akisema "nusu kumi" anamaanisha nusu ya njia kuelekea kumi, yaani saa 9:30, ambayo kwetu ni saa tatu na nusu asubuhi. Nilipangiwa siku nyingine baada ya wiki sita, na wiki zote hizo sikuweza kuvuka mpaka. Kwa hiyo mkiambiwa saa kwa mdomo, ombeni iandikwe kwa tarakimu. Mbele ya karatasi yenye 9:30 hakuna ubishi. Halafu fanyeni hesabu ya tofauti ya saa sita mara moja tu, kutoka karatasi kwenda Kiswahili, wala msiirudie njiani mkiwa mmechoka.

La behewa nitalipitia haraka. Nilikuwa nakwenda Köln kuliona kanisa kuu, nikapandia Berlin. Treni za njia ile ni ndefu, na nyingine zikifika mji wa Hamm hukatwa katikati: nusu moja inapita Wuppertal kwenda Köln, nusu nyingine inapita Dortmund na Essen kwenda Düsseldorf. Mimi niliingia mlango wa kwanza niliouona, nikakaa, nikalala. Treni ilikuwa sahihi, namba sahihi, saa sahihi. Behewa ndilo lililokuwa la Düsseldorf. Mkaguzi alinielekeza kwa upole, na kutoka Düsseldorf hadi Köln ni kama nusu saa tu kwa treni, kwa hiyo hasara ilikuwa ndogo. Lakini kumbukeni: kule hupandi treni, unapanda behewa. Someni kibao cha mlango wenu.

Na kanisa lenyewe, ndugu zangu, lilistahili usumbufu wote. Minara yake miwili ina urefu wa mita 157. Msingi uliwekwa mwaka 1248 na jengo likakamilika mwaka 1880. Kwa karne nyingi kazi ilisimama, na winchi ya mbao ya mafundi ikabaki juu ya mnara ambao haujaisha. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa wakiiona pale pale. Nilipanda ngazi 533 za mnara wa kusini. Juu kule nilimfikiria fundi wa kwanza aliyechonga jiwe huku akijua kabisa kwamba hataliona paa.

Sasa Prague, mji mkuu wa Ucheki.

Nilikwenda Jumamosi moja mwishoni mwa Machi, nikalala kwa mwanafunzi mwenzangu, na basi la kurudi lilikuwa Jumapili asubuhi. Simu ilikuwa imezimika chaji. Nilikuwa na saa ya mkononi aliyonipa baba siku niliyoondoka, nikaitegemea. Nikafika stendi ya Florenc nikiwa na nusu saa mkononi, nimetulia. Hakuna basi. Nikakaa. Mama aliyekuwa akifagia akanitazama, akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa mbele ya saa yangu kwa saa nzima.

Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane usiku kwa hesabu yetu, nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele: Ujerumani na Prague ikifika 2:00 inaruka kuwa 3:00. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha. Simu hujisogeza yenyewe. Saa ya baba yangu haikuwa na habari. Mtalihitaji hili hata kwa kupiga simu nyumbani: wakati wa baridi Tanzania iko mbele ya Ujerumani kwa saa mbili, wakati wa kiangazi chao iko mbele kwa saa moja tu.

Nikakata tiketi ya treni ya alasiri. Nikawa na saa nyingi za kungoja, na fedha kidogo, kwa hiyo nikarudi kwa miguu hadi uwanja wa mji wa kale, mbele ya ile saa kubwa ya ukutani ambayo watalii huijazia simu picha. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeitazama dakika kumi, nikaona sanamu za mitume zikipita dirishani na kiunzi cha mifupa kikivuta kamba ya kengele, nikaondoka. Jumapili ile nilisimama muda mrefu. Karibu yangu mzee mmoja alikuwa akiwaeleza wageni wake kwa Kijerumani, nami nikasogea.

Saa ile ilitengenezwa mwaka 1410. Ina mishale na duara kadhaa, na kila duara linasema wakati wake. Mzee akaonyesha duara la nje kabisa, lenye namba za kizamani kutoka 1 hadi 24. Akasema: hizi ni saa za zamani za watu wa Bohemia, yaani nchi hii ya Prague, na wao hawakuanza kuhesabu usiku wa manane. Walianza jua linapozama.

Nilihisi mwili unanisisimka. Jamani, hiyo ni saa yetu! Saa moja usiku ni saa moja tangu magharibi. Na kwa Waislamu siku inaanza magharibi vilevile. Ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa tukimaanisha Alhamisi jioni, na hakuna mtoto wa Lindi anayechanganyikiwa. Miezi mingi kule nilikuwa nikiambiwa kwamba hesabu yetu ya saa ni ya ajabu, ati inageuza dunia. Na hii hapa, katikati ya Ulaya, imechorwa ukutani kwa zaidi ya miaka mia sita, watu wanaipiga picha bila kuisoma.

Tofauti ipo, na mtu wa jiografia haachi kuiona. Wao walihesabu moja kwa moja hadi ishirini na nne. Sisi tunafika kumi na mbili tunaanza upya na jua. Tena duara lao halitulii. Linasogezwa mwaka mzima, kwa sababu kule jua la Desemba linazama kama saa kumi jioni, na la Juni linazama baada ya saa tatu usiku. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu halichezi mbali na saa kumi na mbili, kwa hiyo hesabu yetu inasimama bila duara la kusogeza. Usiku na mchana wetu vimegawana karibu sawa, na lugha ikakata saa kwa kufuata hilo. Nisingekosa lile basi nisingejua.

Treni ya kurudi ilinipa somo lingine, nitalisema kwa ufupi. Nilikuwa na kadi ya kibali cha kuishi, pasipoti nimeiacha chumbani Leipzig ili isipotee. Tulipovuka mpaka kuingia Ujerumani askari walikagua, nami nikashushwa. Walinitendea kwa adabu, lakini nilikaa pale hadi giza likaingia, mpaka mwenzangu alipotuma picha ya pasipoti na majibu yakapatikana. Kadi ya kibali peke yake haivushi mpaka. Inakwenda pamoja na pasipoti. Mnaona nchi zimeungana, vizuizi havipo, mnasahau kwamba nyinyi bado ni wageni wa nchi moja tu kati ya zile.

Nimalizie na Berlin, na hapa naomba wazee wanivumilie, maana habari hii ni yetu.

Nilikuwa nikienda makumbusho ya elimu ya viumbe, barabara ya Invalidenstraße. Treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, kituo kimepewa jina la makumbusho yenyewe. Tiketi nilinunua kwa fedha halali. Ila tiketi ya karatasi ya Berlin hugongwa muhuri kwenye kijisanduku pale kituoni kabla hujapanda, na isipogongwa ni kama hukulipa. Mkaguzi aliyevaa nguo za kawaida akasimama mbele yangu. Euro 60. Ilikuwa chakula changu cha wiki mbili. Nilieleza, nikaonyesha risiti, sheria haikubadilika. Nilitoka kituoni nikiwa na machozi, nikataka kurudi Leipzig.

Nikaingia. Yuko ukumbi wa kwanza kabisa. Mnamwita mjusi, ni mifupa ya dinosau iliyosimamishwa, na wataalamu wanamwita Giraffatitan. Kimo chake ni mita 13.27, ukisimama miguuni pake unakunja shingo mpaka inauma. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Na alitoka kilima cha Tendaguru, kama kilomita sitini kutoka hapa tulipokaa.

Mhandisi wa Kijerumani aliiona mifupa ile mwaka 1906. Uchimbaji ulianza mwaka 1909 ukaendelea hadi 1913. Hesabuni miaka: vita vya Majimaji vilikuwa 1905 hadi 1907, na baada yake njaa iliyomaliza vijiji vya kusini. Watu waliotoka kwenye njaa hiyo ndio walioshika sululu. Msimu mwingine walifika mia tano. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa pwani kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari yetu hii ya Lindi, kisha meli. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Wapagazi wengi majina yao hatuna.

Nilikaa sakafuni pale karibu saa nzima, nikisoma kila kibao, hadi maandishi madogo. Nilijiuliza kwa nini mimi, niliyezaliwa kilomita sitini kutoka kilima kile, niliyefundishwa jiografia hapa hapa, nimekuja kumwona jirani yangu kwa tiketi ya ndege. Suala la kumrudisha limeulizwa bungeni, na wengine wanasema abaki tupate faida. Mimi nataka mapatano yatakayomleta nyumbani, hata kama yatachukua miaka ya kanisa la Köln, na nataka majina ya waliombeba yatafutwe, familia kwa familia, kuanzia kwa wazee waliokaa hapa leo.

Wadogo zangu, wengi wenu mtafika Berlin. Mtasimama mbele yake, na mtaulizwa na wenzenu huko kwenu pakoje. Sitaki mjibu kwa kubahatisha kama ambavyo ningejibu mimi siku ile. Nimezungumza na mwalimu mkuu. Barabara sasa ni kavu, gari limepatikana, na mzee mmoja wa kule amekubali kutuongoza. Tunakwenda Tendaguru Jumamosi hii. Njooni na maji, viatu vya kufunga, daftari na kalamu. Gari linatoka hapa shuleni saa kumi na mbili asubuhi, saa yetu.