Miezi Sita ya Kunyamaza

Mbukwenyi! Asanteni. Wengi humu ukumbini ni wanasheria na watumishi wa Bunge, kwa hiyo historia ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake bila idhini, siisimulii. Anayeitaka anifuate kwenye chai.

Nimekuja na lilelile: tuioanishe sheria ya Tanzania na Itifaki ya Harare, mkataba wa nchi za Afrika wa kutoa hataza kwa pamoja. Sheria yetu ya Hataza ni ya mwaka 1987. Itifaki ya Harare tuliingia mwaka 1999. Mwombaji akiitaja Tanzania katika ombi lake kwa ARIPO, yaani shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, uchunguzi unafanywa Harare, kisha tunaarifiwa. Tunapewa miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo kwetu haitakuwa na nguvu. Tukinyamaza, kwa mujibu wa Itifaki imeshatuingia.

Miezi sita! Ofisi za umma mnazijua, ndimo mnamoshinda. Barua inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inafunguliwa jalada. Jalada linapanda kwa mkubwa. Mkubwa yuko kikaoni, na kikao kimehamia Morogoro. Akirudi anaandika pembeni: “Tujadili.” Na nani? Jalada halisemi. Mnacheka, lakini hapo mwezi wa nne umeshakatika.

Na hata tukiwahi, hatukatai kwa kujisikia tu. Ama uvumbuzi haukidhi masharti ya Itifaki, ama kwa asili yake sheria ya nchi haiuruhusu kupewa hataza. Chukueni dawa. Kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani, nchi zenye maendeleo duni, nasi tumo, hazilazimiki kutoa hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033. Itifaki ya Harare haina msamaha huo. Uganda waliliona mapema: sheria yao ya mwaka 2014 inazitoa dawa nje ya hataza kwa muda wote wa msamaha. Afisa wa Kampala ana kifungu cha kunukuu. Nasi tuandike chetu, waziwazi, ndani ya sheria yenyewe.

Najua kuna mtu pale nyuma ananung'unika: “Mwalimu, si ulitaka tuoanishe? Mbona sasa unatafuta pa kukataa?” Ndugu yangu, pa kukataa pamo humohumo kwenye Itifaki! Kuoanisha ni pamoja na kuutumia mlango uliowekwa. Mwingine atasema wawekezaji watakimbia. Wamekimbia Kampala?

Halafu, kuridhia mkataba si kutunga sheria. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba, ila mahakamani unaulizwa kifungu cha sheria. Wakenya wanacho: kifungu cha 59 cha sheria yao ya mwaka 2001 kinaipa hataza ya ARIPO nguvu sawa na ya kwao, isipokuwa wakiikataa. Sisi tuongeze na cheo cha anayepaswa kujibu, na siku zake, jalada lisizurure.

Muda wa hataza, yaani miaka 10 yetu inayoongezwa mitano mara mbili dhidi ya 20 ya moja kwa moja ya Itifaki, ni marekebisho ya mstari mmoja. Mafundi wetu wa mashine za alizeti nilitaka kuwasemea, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, maswali. La Zanzibar msiniulize leo. Wana sheria yao ya mwaka 2008, na hiyo inataka siku nzima.