Mabuyu ya biashara yasiyonata: kilo 6 kwa siku, mikono miwili tu (Malindi)

Assalam aleikum wapenzi, hamjambo, karibuni tena jikoni kwangu hapa Malindi. Leo ndo ile video mlokua mnanidai, mabuyu, ila sio mabuyu ya kupikia watoto wa nyumbani yakaisha siku hio hio, haya ni ya biashara, unapika leo, unapika kesho, unapika kesho kutwa na yote yatoke sawa mpaka mwenye duka aache kukukagua kila ukiingia. Mwanangu ndo kashika simu, picha ikitikisika semeni na yeye. Na kabla sijasahau, mimi nauza mabuyu, yaliyopikwa na ambayo hayajapikwa, yashachekechwa, kwa kilo, namba iko hapo chini. Haya tangazo limekwisha, twende.

Haya yametoka huko bara, Ganze, yanakuja kwa gunia. Kupasua siwaonyeshi, buyu na jiwe mnajua wenyewe. Ninachotaka muone ni rangi, sogeza simu hapa, unaona hili jeupe jeupe, kavu, ukiligusa linakuachia unga kwenye vidole, hili ndo letu. Hili lingine limekua la kahawia na ukilibonyeza ni kama mpira, hilo lishaingia maji, weka kando, usijidanganye kua sukari italificha. Toa zile nyuzi nyekundu, afu chekecha. Unga unaodondoka chini usiumwage jamani, hio ni pesa, tia kwenye chupa yenye kifuniko, kidogo tutautumia mwisho na unaobaki mimi nauza wa juisi. Ulaya waliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao mwaka 2008 wakauweka kwenye hesabu ya vyakula vipya, vipya! Bibi yangu angecheka mpaka kanga ikamdondoka.

Sasa kabla hatujawasha moto, mizani. Hii mizani ndogo ya betri ndo ilonitoa mimi, sio sufuria kubwa wala mashine. Nilipoanza nilikua napima kwa kikombe, na paketi nazijaza kwa macho, na mimi mkono wangu mzito wa kutia manake ndo tulivolelewa. Sufuria moja yanitoa paketi 50. Siku niliponunua mizani nikazipima paketi zangu moja moja, gramu 60, 58, 63, na mimi nauza ya gramu 50! Sufuria hio hio, mabuyu yale yale, sasa yanitoa paketi 60. Paketi 10 kwa shilingi 20 ni 200, napika sufuria 3 kwa siku, hio 600, siku 5 kwa wiki, shilingi 3,000. Elfu tatu kila wiki nawagawia watu na hakuna hata mmoja alosema ahsante, manake hakuna aliejua, hata mimi mwenyewe sikujua.

Vipimo vya sufuria moja, andikeni. Mabuyu kilo 2, sukari kilo 1 na gramu 200, maji mililita 700, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai kikijaa, chumvi nusu kijiko, pilipili ya unga kwa uwezo wa ulimi wako, na rangi nyekundu ya chakula. Mie natia na pilipili manga kidogo. Vanila na zile za kunukia stroberi sitii, mabuyu yanukie mabuyu, lakini kama wateja wako ni watoto wa shule fanya wanavotaka wao. Kuhusu rangi, iwe imeandikwa kwenye chupa kua ni ya chakula. Kuna watu wanachukua rangi ya kutilia miyaa ati yakoleza zaidi, hio ni ya mkeka, mkeka ni wa kulalia.

Mimi usiku kabla sijalala napima za sufuria zote 3, kila sufuria na mabakuli yake, nafunika, asubuhi ni kumimina tu. Zamani nilikua nakatiza moto niende kutwanga iliki, huku shira, yale maji mazito ya sukari, inaungua. Hebu muone navopima sukari, bakuli juu ya mizani, natia, natia, elfu moja mia moja, mia moja tisini, mia mbili, safi, tunaend... ngoja. Ngoja ngoja. Mwanangu ananionyesha kidole. Sikurudisha sifuri, bakuli nalo limehesabiwa. Haya muoneni mwalimu wenu, ametoka kuwahubiria mizani sasa hivi! Bakuli hili peke yake ni gramu 180, kwa hivo sukari ingepungua gramu 180 na nusu ya mabuyu yangetoka uchi. Bakuli tupu kwanza, bonyeza, isome sifuri, ndo utie. Usiikate hio, iache wajifunze.

Moto. Sukari, maji, rangi, chumvi, pilipili, koroga mpaka sukari iyayuke, ikishaanza kuchemka toa mwiko. Shira mnaijua, nyote mshapika kaimati, hii iwe nzito kuliko ile. Moto wa wastani, usiende popote, usijibu mesej... simu imejaa mvuke, hawaoni kitu, pangusa. Sio na kidole! Chukua kanga hapo. Haya. Unaona mapovu mwanzo yalikua madogo madogo yanapasuka haraka, sasa yamekua makubwa mazito na yanapasuka kivivu. Hapo ndo unapima. Dondosha tone kwenye kisahani baridi, hesabu mpaka kumi, ligande kidogo, gusa kwa kidole ubane na kidole gumba uachanishe polepole. Uzi ukikatika hapo hapo, bado. Hebu sogea, leta karibu, unaona? Umekatika. Rudisha moto. Dakika mbili, kisahani kingine, na kiwe kingine kweli manake kile kishapata joto kitakudanganya. Sasa tazama, unavutika, unavutika, umefika nusu ya kidole na haujakatika. Tia iliki sasa, ukiitia mwanzo harufu yote inapanda juu na mvuke unabaki kunukia jirani.

Afu ZIMA MOTO. Nasikia mnasema eeh tumesikia, hamjasikia, zima moto kabisa ndo utie mabuyu. Mimi nilikua natia mabuyu na moto unawaka, nakoroga robo saa nzima yakauke, nikidhani moto ndo unakausha. Nikapeleka paketi 200 kwa duka moja Watamu, ilikua kusi, mvua mvua, baada ya siku nne napigiwa simu nije nichukue vitu vyangu. Yale mabuyu yamekua bonge moja kila paketi, yananata kama ulimbo, mtoto akivuta moja yanakuja yote. Nikarudi nayo kwenye tuktuk nimeyapakata, dereva akaniuliza mama ni halwa hio? Nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Sababu yake ndo hii. Ubuyu ni mchachu, na uchachu ukipikwa na sukari kwa muda unaivunja ile sukari, haigandi tena ikawa kavu, inabaki laini na kazi yake ni kunywa maji ya hewani, na hewa yetu ya bahari mnaijua, nguo kwenye kamba zenyewe haziishi unyevu. Ndo maana hata ndimu usitie, kuna video watu wanatia ndimu, wao wako bara kukavu, sijui, mimi niko Malindi. Kwa hivo: moto zima, sufuria shusha chini kabisa, ndo mabuyu yaingie. Nimesema mara ngapi? Nitasema tena mbele.

Haya nimezima, mnaona kiko sifuri, nashusha, namimina kilo 2 zote kwa pamoja, na sasa ni mkono. Kutoka chini kwenda juu, chini kwenda juu, usipumzike. Saizi yanang'aa kama yamepakwa mafuta na yanashikana, watu wengi hapa ndo wanaogopa wanarudisha jikoni. Usirudishe! Koroga tu. Dakika moja... mbili... sikiza ule mlio, umebadilika, mwanzo ulikua chwa chwa wa matope, sasa ni kama unakoroga kokoto. Na tazama rangi, kung'aa kunapotea, inakua kama imevaa vumbi, sukari inaganda juu ya kila kokwa. Hapo tia ule unga wetu wa ubuyu vijiko viwili, koroga mara ya mwisho, mwaga kwenye sinia, tandaza, achanisha kwa haraka na kijiko.

Mkono umechoka? Ndo maana napika kilo 2. Mwaka juzi nilipata oda kubwa nikaazima sufuria ya harusini, nikatia kilo 10 nikajiona kiwanda. Mwiko haugeuki, chini kumeshaganda jiwe na juu mabuyu hayajaguswa na shira, nikaita na shemeji asaidie, tukavunja mwiko. Sasa natumia sufuria 2 ndogo kwa zamu, hii nikiikoroga chini ile inachemsha juu, nikimaliza kutandaza hii ile iko tayari kupimwa uzi. Meko moja, gesi haizimwi zimwi bure, na sufuria 3 kufika saa nne asubuhi nishamaliza.

Kitu kingine kilichonisaidia hakikunigharimu hata shilingi. Nilikua napikia uani, natandaza chumba cha kulala kwa sababu ya masinia, mashine ya kuziba iko sebuleni kwenye soketi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nilikua natembea Malindi mpaka Gede ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Siku moja nikahamisha meza tu. Sasa jiko, sinia, mizani, mashine, boksi, vimefuatana kutoka huku kuja huku, nikigeuka kitu kiko mkononi.

Kupoa ni masaa matatu, mie nafunika kwa kitambaa chepesi na dirisha la upande wa bahari nafunga. Usitie kwenye paketi yakiwa na uvuguvugu, hata kidogo, hata kama mwenye oda amesimama mlangoni. Joto linatoa mvuke, mvuke unagonga plastiki unakua maji, tunarudi kule kule Watamu. Haya ya jana yako tayari, nachuku... hilo tone ni la nini kwenye sinia? Nani kaosha glasi hapa? Mnaona hii kona, haya kama kumi hivi yashalowa, haya hayaingii kwenye paketi, haya ni ya mshika kamera, chukua baba.

Pima gramu 50, bakuli limeshasomwa sifuri, nimeangalia, msinicheke. Mimina, bana mashine, hesabu mbili, achia, kagua ukingo. Vile vijuala vya kufunga fundo tulivyovizoea visahauni, marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya ilikuja Agosti 2017. Mie natumia paketi nene iliyochapishwa jina langu, vilivyomo, uzito, tarehe ya kupikwa na ya kuisha. Cheti cha afya cha mshika chakula kinafanywa upya kila miezi 6, na ukitaka kuingia supamaketi utaulizwa alama ya KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, hio nitaifanyia video yake manake ina maneno mengi. Ila daftari anzeni leo, sufuria ngapi, paketi ngapi zimetoka, ngapi zimerudi. Zile za kurudi ndo muhimu zaidi, na ndo watu hawaandiki kwa haya.

Mtaniandikia nyinyi mnatumia pili... subhanallah, shira ya sufuria ya pili imepanda, kata kata, weka simu chini uniletee mwiko.