Wenye miwani kaeni mbele

Haya jamani, kabla sijaanza, wenye miwani nyoosheni mikono. Tuseme mko 13, na ukumbini tupo 49, safu saba za watu saba saba. Kila safu inachagua mbunge wake, na anayepanga nani akae wapi ni mimi. Wenye miwani saba nawarundika safu ya mbele, wanapata mbunge wao, wanashangilia. Sita waliobaki namwaga mmoja mmoja kila safu, sasa mmoja kati ya saba utamshinda nani? Na sijamnyima mtu kura, wote mmepiga. Ila ningewakalisha wanne wanne mngeondoka na wabunge watatu.

Hiyo ndo Alabama, jimbo la kusini mwa Marekani. Viti saba vya Kongresi, yaani bunge la nchi nzima, weusi ni kama 27 katika kila watu 100, na tangu 1992 kipande chenye weusi wengi kilikuwa kimoja tu (kipande ni eneo linalochagua mbunge mmoja, kama safu zenu; sisemi jimbo kwa sababu jimbo ni Alabama yenyewe, tusichanganyane).

Na mchezo wameuanza zamani. Mwaka 1957 bunge la Alabama liliuchukua mji wa Tuskegee, mipaka yake ilikuwa mraba safi, wakaukatakata mpaka likatoka dude la pembe 28, wapiga kura weusi kama 400 wakajikuta nje ya mji wao wakabaki wanne watano, mzungu hata mmoja hakuguswa. Mwalimu wa chuo cha palepale, Charles Gomillion, akaenda kortini, na 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, huku ni kumnyima mtu kura kwa rangi yake.

Baadaye ikaja sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, majimbo yenye historia mbaya ya kuwabagua weusi yakawa lazima yaombe ruhusa Washington, kwa serikali kuu, kabla ya kugusa mambo ya kura. 2013 Mahakama ya Juu ikaing'oa meno sehemu hiyo, Jaji Mkuu Roberts ndo aliandika. Kwa hiyo baada ya sensa ya 2020 Alabama wakachora ramani mpya ya vipande bila kuomba mtu, weusi wakashtaki, na Juni 2023 wakashinda Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, na hukumu kaandika nani? Roberts yuleyule!

Mkafikiri imeisha. Korti ilitaka kipande cha pili ambacho weusi wana nafasi ya kushinda. Bunge la Alabama likachora upya, hicho cha pili wakaweka weusi kama 40 kwa 100, yaani umeambiwa leta kiti we unaleta kigoda. Korti ikachoka ikatafuta mchoraji wake, na Novemba 2024 Shomari Figures, mweusi, akashinda kipande hicho cha pili, mara ya kwanza Alabama kuwa na wabunge wawili weusi Kongresi kwa wakati mmoja.

Ila mie kinachoniuma ni 2022. Korti ya chini ilishaikataa ile ramani ya kwanza, ya baada ya sensa, mapema mwaka huo, Mahakama ya Juu ikasema subirini kwanza, uchaguzi ukafanyika kwa ramani hiyohiyo, na waliopita wakakaa miaka yao miwili yote wakipiga kura za sheria.

Haya, wenye miwani rudini mlikokuwa, tuchukue maswali.