Jiji Lililowaambia "Msije": Matokeo ya Udiwani Hapa Leicester

Haya, habari zenu huko nyumbani. Tanga mpo? Dar mpo? Nairobi nawaona, karibuni. Leo ni Jumatatu, Mei 8, 2023, na hapa Uingereza ni sikukuu, kwa sababu ya Mfalme Charles aliyetawazwa juzi Jumamosi. Najua mmenijazia komenti mkitaka niwaambie lile taji lina uzito gani. Jamani, mimi nimeliona kwenye TV kama ninyi, mfalme hatuna undugu. Mimi nina habari ya mtaani kwangu. Alhamisi tulipiga kura ya madiwani na meya hapa Leicester, na chama kilichoukalia huu mji kama mke mkubwa alivyokalia jiko lake kimepigwa mtama. Hakijaanguka. Ila kimepepesuka, na mji mzima umeona.

Kwanza nimjibu kaka yangu mmoja aliyeandika, "Wewe Mtanzania unapigaje kura Ulaya, umeukana uraia?" Sijaukana, kaka. Hapa raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, akiwa anaishi kihalali, anaruhusiwa kupiga kura. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ilipoingia Madola mwaka 2009. Tena anaruhusiwa hata kugombea udiwani. Lakini dada yangu mmoja tunayefanya naye zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, yeye ni wa Bukavu, amenitangulia kufika hapa na kodi ya halmashauri analipa kama mimi, kura hana mpaka achukue uraia. Kongo haikutawaliwa na Mwingereza, wala haikujiunga na Madola baadaye kama Rwanda, basi. Tulicheka tukashindwa kuelewa tunacheka nini. Yaani mkoloni wako ndiye anayeamua leo nani atazoa taka zako.

Mwaka huu kulikuwa na jipya. Kwa mara ya kwanza kwenye uchaguzi wa mitaa kote hapa England, lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Zamani ulikuwa unataja jina na anwani tu, unapewa karatasi. Sisi tuliozoea kitambulisho cha mpiga kura tulishangaa wao wanashangaa nini! Na pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika, kwa hiyo mimi nimepiga kura kwa pasipoti yangu ya Tanzania, ile ile yenye bibi na bwana na Uhuru na Umoja. Nilitoka zamu asubuhi nikapitiliza kituoni, ukumbi wa kanisa, maana vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Hakuna siku ya mapumziko kwa ajili ya kura, mtu anapiga akienda kazini au akitoka. Hakuna wino kidoleni. Hakuna askari. Kuna penseli imefungwa kwa kamba, na bibi mmoja mwenye sweta aliyeniuliza kama nje bado kuna mvua.

Sasa matokeo. Halmashauri ya Jiji la Leicester ina madiwani 54, kata 21, na kata moja inaweza kuwa na madiwani wawili au watatu, si kama kwetu diwani mmoja kata moja. Viti maalum hakuna. Mwaka 2019 chama cha Labour kilichukua viti 53. Kati ya 54! Kimoja kikaenda kwa chama kidogo cha Liberal Democrats. Nilipofika hapa nikaambiwa hivyo, nikasema ahaa, hii ninaijua, hii nimekulia ndani yake.

Safari hii Labour wamebaki na 31. Wamepoteza 22 kwa mpigo. Conservative, chama cha wahafidhina, wapinzani wakubwa wa Labour, ambao mwaka 2019 hawakupata hata kiti kimoja, wana 17. Liberal Democrats 3, Green 3. Na Green wa hapa ni watu wa mazingira, msije mkafikiri ni wale wa kijani na njano mnaowajua ninyi.

Kinachonishangaza ni kwamba siku hiyo hiyo, sehemu nyingine za Uingereza, Conservative walikuwa wanalia. Wamepoteza viti zaidi ya 1,000 kwenye halmashauri mbalimbali, na Labour wameongeza zaidi ya 500. Kwingine kote maji yanashuka, Leicester yanapanda mlima. Kwa nini?

Hapa ndipo mtanielewa kuliko Waingereza wenyewe. Majina yalikatwa. Ndiyo, yalikatwa! Kwa kawaida wanachama wa Labour wa kata ndio wanaochagua mgombea wao, kama kura zenu za maoni. Safari hii viongozi wa chama kitaifa wakalichukua zoezi mikononi mwao, na majina yaliporudi, madiwani 19 waliokuwa kazini hawamo. Wengi wao wenye asili ya Asia, watu wenye misikiti na mahekalu nyuma yao, wanaojua shangazi yako anaumwa nini. Baadhi yao walihama, wakagombea kwa tiketi nyingine. Na mwezi Machi tayari kulikuwa na moshi, pale baadhi ya madiwani wa Labour wenyewe walipounga mkono hoja ya kukifuta cheo cha meya. Hoja ilishindwa, waliounga mkono wakaonja joto ya jiwe.

Mtu ukimkata jina hapotei. Anabaki na ndugu, na majirani, na simu yenye namba 600.

Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Mwaka jana, Agosti na Septemba, palitokea vurugu mitaani kati ya vijana wa Kihindu na wa Kiislamu baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, na watu hawajasahau. Tena kabla ya hapo, Julai, Conservative walikuwa wameshanyakua kiti cha North Evington kwenye uchaguzi mdogo, kupitia Sanjay Modhwadia, ambaye ndiye waliyemsimamisha umeya safari hii. Dalili ya mvua ilikuwepo, wakubwa hawakuanua nguo.

Umeya ameshinda tena Sir Peter Soulsby wa Labour. Huyu mzee ndiye meya tangu 2011, cheo kilipoanza kupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Kwetu madiwani ndio wanaomchagua meya wao kwa wao, hapa namchagua mimi. Sasa muhula wa nne huo. Ila zamani alikuwa anapita kwa zaidi ya nusu ya kura, safari hii ameshinda akiwa chini ya nusu. Na utaratibu umebadilishwa: kabla ulikuwa unaweka chaguo la kwanza na la pili, sasa alama moja tu, anayeongoza kabeba.

Mji wenyewe una mwaka mgumu. Hata Leicester City, wale mabingwa wa 2016 waliowafanya ninyi mnunue jezi za Mahrez, wanachungulia shimo la kushuka daraja. Tuyaache hayo, mume wangu yuko chumba cha pili na hajala tangu asubuhi.

Nataka nimalizie na Belgrave Road. Nimewahi kuwaonyesha: maduka ya dhahabu, sari, sambusa zinazokaribia za Tanga lakini hazifiki. Kwa sensa ya 2021 watu wa asili ya Asia ni asilimia 43 ya jiji hili, na wengi wao ukiwachimba sana utakuta babu alizaliwa Kampala, au Nairobi, au Unguja. Ninanunua mihogo kwa mzee mmoja hapo, mzaliwa wa Jinja. Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani, na akiniona tu anaita, "Karibu mama, leo iko mihogo safi!"

Idi Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972 na kuwapa siku 90, halmashauri hii hii ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kule Kampala. Tangazo rasmi kabisa, likiwaambia: kwa faida yenu na familia zenu, msije Leicester, nyumba zimejaa, shule zimejaa. Nao wakaja. Maelfu. Wengine wanasema walikuwa hata hawaujui mji huu mpaka gazeti lilipowatajia jina.

Leo tazama karatasi ya kura niliyopewa pale kanisani. Patel huku, Patel kule, mmoja wa Labour, mwingine wa Conservative. Ukumbi ule ule wa madiwani uliotoa pesa ya tangazo, wajukuu wa waliokatazwa ndio wanaogombania viti vyake, na chama kinachowakata majina kinakiona cha moto. Mimi sikuwapigia Conservative, na Labour nawanunia. Mtajaza wenyewe, kura ni siri.

Jumamosi, wengine wote wakiangalia kutawazwa, mimi nilikuwa dukani. Nikamuuliza yule mzee, "Mzee, lile tangazo mliliona?"

"Ona sana."

"Mlilitunza? Siku hizi lingekuwa kwenye makumbusho."

Akacheka mpaka akashika meza. "Gazeti ile? Mama yangu funga karanga ndani yake. Sisi kula njiani mpaka Entebbe."

Akanipimia mihogo, akaongeza mmoja juu.